Ngoma, waya na kivuko: shajara ya Mombasa

Nguo zimefuliwa, chapuo, ngoma yangu ndogo, limerudi kwenye msumari wake ukutani, na daftari la safari liko mbele yangu pamoja na picha za simu ambazo nusu yake ni za vyakula. Walioniona stendi ya Tanga na ngoma begani waliniuliza kama nimealikwa harusini. Harusi ilikuwemo, lakini sikuifuata hiyo. Nilikwenda kukaa na mtu mmoja nimtazame anavyoishi.

Nitamwita Ami, kama nilivyomwita kwake. Jina lake hataki liandikwe. Umri wake ni hamsini na ushei. Alianza kupiga dumbaki akiwa mtoto katika kikundi cha taarabu, akaingia bendi za hoteli, akawa mtunzi, na sasa anafundisha vijana kurekodi na kutengeneza muziki kwa kompyuta. Mimi nimeshika njia hiyohiyo huku Tanga: napiga ngoma, natunga vitu vidogo vidogo, nafundisha watoto wanne watano wanaogombea laptopu moja. Nilitaka kujua mtu anakulaje kwa kazi hizi. Nilitaka pia kujua kwa nini kila aliyepita mikononi mwa Ami anapiga kwa mwendo ambao programu za muziki hutaka kuunyoosha, na ukishanyooshwa hauchezeki tena.

Alhamisi: Tanga, Horohoro, Likoni

Nauli ya basi ilikuwa shilingi 20,000 za kwetu. Kondakta alitaka 10,000 nyingine za ngoma, tukavutana mpaka 3,000, kwa sharti nilipakate mwenyewe. Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro ni kilomita kama 65 za lami, na sina la kusimulia hapo.

Mpakani unashuka mara moja tu: jengo ni moja, dirisha la kutoka Tanzania na la kuingia Kenya yamo humohumo. Sisi wa Afrika Mashariki hatulipi viza, ila pasipoti iwe hai na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe karibu. Afisa alifungua begi langu akakuta maikrofoni mbili, kinasa sauti, hedifoni na fungu la waya. Nilikuwa na orodha iliyochapwa, kila kifaa na namba yake. Akaigonga muhuri bila neno. Kisha akaioneshea ngoma kidole: "Na hii inasemaje?" Nikapiga kidogo. Mwenzake akadai mdundo ule ni wa kwao Muheza, huyu akakataa, nikawaacha wanabishana.

Kwa mwenye vifaa: tengeneza orodha hiyo nyumbani, nakala mbili, na uombe muhuri unapotoka. Faida yake utaiona siku ya kurudi, hakuna atakayekudai ushuru wa kitu ulichotoka nacho mwenyewe.

Karibu na Msambweni tairi likapasuka. Spana ya basi ilikuwa imeliwa meno, haishiki nati. Tukakaa chini ya mwembe, madafu yakaanza kuuzwa, watoto wakalala. Dereva wa lori la saruji aliyekuwa anatoka upande wa pili akasimama, akashuka na spana yake, akaingia mwenyewe chini ya basi na shati lake jeupe. Hakuchukua hata senti, alikunywa dafu moja akaondoka. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu aliona nimeweka ngoma juani. "Mwanangu, ngozi hiyo itapasuka kama hilo tairi," akavua kanga ya juu akaifunika. Alipokuwa anashuka Ukunda nikataka kumrudishia. "Iache. Ngoma haivuki maji uchi."

Likoni tulifika jioni, foleni ya magari imeshafika mbali. Nikaliacha basi, nikavuka kwa miguu. Mtu wa miguu halipi kitu kwenye kivuko, na saa za jioni huwa anatangulia mbali sana kuliko aliye ndani ya gari. Beba mzigo kifuani, si mgongoni, usimame pembeni, usikimbie na umati geti linapofunguliwa. Upande wa pili tuktuk mpaka Majengo ilinigharimu shilingi 200 za Kenya. Shilingi moja yao siku hizo ilikuwa kama ishirini zetu, basi fanya hesabu kabla ya kusema bei ni ndogo.

Kwa Ami nilikuta wali wa nazi, samaki wa kupaka na achari ya maembe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku mkono uko kwenye chapuo langu tayari, anabonyeza ngozi kwa dole gumba. "Imelegea. Lakini si vibaya. Kula kwanza."

Ijumaa: darasa la Makupa, na usiku wa nje ya ukuta

Chai ya asubuhi tulikunywa nje: mahamri na mbaazi za nazi, watu wawili hatukufika 200. Kisha tukaenda darasani.

Darasa lenyewe ni chumba cha kukodi ghorofani, Makupa, juu ya duka la vipuri. Laptopu nne, intafesi moja ya sauti (kifaa cha kuingizia maikrofoni kwenye kompyuta) yenye matundu mawili, maikrofoni mbili, kayamba mbili, na feni inayozimwa kila wanapotaka kurekodi, hata kama jasho linadondoka kwenye vibonyezo. Wanafunzi asubuhi ile walikuwa watatu: binti anayeimba kaswida, kijana apigaye kinanda kanisani, na makanga wa matatu anayetengeneza midundo kwa simu. Ada ni 500 kwa wiki kwa anayeweza. Makanga anaweza wiki moja moja.

Ukutani Ami amebandika karatasi. Ni orodha ya ngoma za General MIDI, ule utaratibu uliokubaliwa mwaka 1991 ili kinanda cha kampuni moja kisikike sawa kwenye mashine ya kampuni nyingine. Namba 35 hadi 81, kila namba ina ala yake. Kuna bongo, kuna tumba, kuna agogo, kuna cuica ya Brazili ya aina mbili. Kayamba hakuna. Vumi, ngoma ya sauti nzito, hakuna. Ami hakulalamika, aliwaambia tu: "Hii ni orodha ya watu waliokuwa wamekaa kwenye meza. Sisi hatukukaa. Basi tutarekodi vya kwetu wenyewe." Na hilo ndilo somo lake la kwanza kwa kila mgeni: hufungui sauti za mashine mpaka umerekodi kitu ulichokishika kwa mkono.

Metronomu, kile kihesabu mapigo cha programu, ilizimwa. Makanga akapewa kayamba, binti akapiga makofi, kinasa kikawashwa kwa dakika mbili hivi. Halafu wakalikuza wimbi la sauti kwenye kioo mpaka tikiso moja likajaza upana wote. Hapa nilivuta kiti karibu.

Kayamba, kwa asiyelijua, ni matete yaliyofumwa kuwa kama kisanduku bapa, ndani mna punje. Ukilisukuma, punje zinateleza zote upande mmoja, ukilirudisha zinateleza upande wa pili. Kwenye kioo, sauti ya ngoma inasimama ghafla, ukingo wake unauona. Sauti ya kayamba haina ukingo. Inaanza na vipunje viwili vitatu, inavimba, ndipo rundo zima linatua. Programu ukiiambia itafute mdundo uko wapi, inaweka alama pale punje ya kwanza ilipoanza kuteleza. Sikio linahesabu pale rundo lilipotua. Ami akawaachia programu inyooshe kila kitu, alama zote zikakaa kwenye mistari yake ya mapigo, akacheza. Makofi yalikuwa sawa. Kayamba lilikuwa linachelewa, linaburura miguu, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

"Nani kakosea?" akauliza.

"Mashine," akasema makanga.

"Mashine imefanya ulichoiambia. Mpigaji huanza kusukuma kabla, ili punje zitue kwa wakati. Wewe umemnyang'anya ule utangulizi wake."

Wakarudisha rekodi ya mwanzo, wakahamisha mistari ya programu ifuate makofi ya binti, badala ya makofi kuifuata mistari. Kazi ya saa nzima kwa dakika mbili za sauti. Nilijiuliza nani ana muda huo, mpaka nikasikia tofauti.

Somo la pili lilitokana na malalamiko. Kijana wa kinanda alisema anajisikia kwenye hedifoni amechelewa. Kompyuta yake ilikuwa imewekwa kukusanya sampuli 2,048, yaani vipande vidogo sana vya sauti, kabla ya kuzitoa. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde hizo ni kama milisekunde 43. Ami akamtoa nje kwenye korido na kipande cha mbao, akamwambia apige pamoja naye kutoka ncha ya mbali kabisa. Sauti hewani hutembea kama mita 350 kwa sekunde kwenye joto letu hili, yaani milisekunde 43 ni sawa na mwenzako kusimama mita 15 kutoka ulipo. Akamrudisha, akashusha hadi sampuli 256, milisekunde tano na kidogo, mwenzako sasa yuko chini ya mita mbili. Kuingia na kutoka kwa sauti kunaongeza tena, lakini mwili wa kijana ulikuwa umeshaelewa. Mimi hufundisha jambo hilo kwa jedwali. Jedwali nimelichana.

Swala ya Ijumaa, kisha usingizi, kisha usiku tukaenda Mji wa Kale kwenye harusi. Upande wa wanawake, bila shaka, sisi hatukuingia. Mkewe Ami aliingia, na mlangoni simu zote zilikusanywa kwenye kikapu. Msafiri akilijua hili mapema atajiepusha na aibu: chakacha na vugo vya harusini ni faragha ya wanawake, usiombe kurekodi, usipenyeze simu kwa dada wa mtu. Baadhi ya vikundi hupiga jukwaani kwa umma, hivyo ndivyo vya kurekodi, kwa makubaliano.

Tukakaa barazani nje, ukuta mnene wa mawe ya matumbawe nyuma ya migongo yetu. Ukuta ule ulikuwa unachuja. Vumi lilipita lote, tukalisikia mbavuni. Chapuo lilifika nusu. Pembe za vugo zilipenya tu mlango ulipofunguliwa. Ami akaniwekea kiganja kimoja gotini nipige mbili, kingine tatu, katika muda uleule, halafu akaniambia nisikilize vumi liko na goti lipi. Liko na yote mawili, linahama. Muuza kahawa akapita na dele lake, anagonganisha vikombe kujitangaza, na alipotufikia vikombe vilikuwa vimeshaingia kwenye tatu bila yeye kugeuza kichwa. Ami akanunua kahawa mbili na kashata.

Jumamosi: kanda zenye kuvu, hoteli yenye bahasha

Asubuhi Ngome ya Yesu kwa nje tu, wenye kupenda historia watajua kuwa Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Swahilipot, kile kituo cha sanaa na teknolojia, kiko jirani hapo, na vijana wawili waliopita kwa Ami tuliwakuta wanafunga spika. Mihogo ya kuchoma ya pilipili na ndimu tulikula ufukweni Mama Ngina, ukienda kanunue ya mwenye foleni.

Kutwa iliyobaki tulishinda na kanda. Ami ana makasha ya kaseti za taarabu alizokusanya tangu ujana, na kazi yake ya pembeni ni kuzihamishia kwenye kompyuta, zake na za watu. Mombasa ilikuwa na biashara yake ya santuri: Assanand & Sons walitoa sahani zao kwa jina la Mzuri, na mji ulikuwa na wakali kama Juma Bhalo, aliyeimba kwa mahadhi ya Kihindi, na Zein l'Abdin wa udi, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016. Na sisi wa Tanga tumo: Black Star na Lucky Star walipotia magitaa ya umeme kwenye taarabu, Mombasa ilisikia, na vikundi vya chakacha vya baadaye vinadaiwa na magitaa yale. Nililisema hilo kwa sauti kidogo. Ami akasema alijua nitalisema.

Adui wa kaseti pwani ni kuvu. Unyevu wa bahari unaiotesha kama unga mweupe kwenye ukingo wa utepe, unaiona ukiinua kaseti kwenye mwanga. Usiiingize kwenye mashine ikiwa hivyo, utachafua kichwa cha mashine na kaseti zote zitakazofuata. Lakini lililonivutia ni kasi. Utepe wa kaseti unatakiwa kutembea sentimita 4.76 kwa sekunde, na mashine nyingi za kunakilia mitaani hazikuwahi kutembea hivyo. Mwimbaji anapanda sauti, udi unakuwa wa kitoto, na hujui wimbo ulikuwa kwenye ufunguo gani. Ami haanzi na udi. Anatafuta mvumo wa umeme. Kenya umeme ni wa Hz 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na rekodi nyingi za zamani zimeunasa chini kabisa, ule mngurumo unaoudhi. Akikuta mvumo umesimama kwenye 52 badala ya 50, anajua utepe umekwenda mbio kwa asilimia nne, anaurudisha, na sauti ya mtu inakuwa ya mtu. Uchafu ambao mimi hukimbilia kuufuta yeye anaufuta mwisho kabisa.

Usiku tukavuka daraja la Nyali kwa matatu kwenda hotelini, pwani ya kaskazini. Hoteli siitaji. Bendi ya watu watano, nyimbo zilezile ambazo watalii huzijua kabla hawajashuka kwenye ndege, kwa muda wa saa tatu na mapumziko mafupi. Ami alipiga tumba na mikono iliyopakwa mafuta ya nazi, na masikioni alikuwa na vizibo. Aliniwekea simu yenye kipima sauti karibu na spika: inacheza kwenye desibeli 100. Wataalamu wa afya ya kazi huweka 85 kuwa kiwango cha kustahimili saa nane, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda unakatwa nusu. Kwa 100 umebakiwa na robo saa. Yeye sikio la kushoto linalia mlio wake wenyewe tangu zamani, ndiyo maana wanafunzi wake hawaruhusiwi kwenda kazini bila vizibo. Jozi inauzwa bei ya soda.

Mwisho wa kazi meneja alituambia bahasha ni wiki ijayo. Ilikuwa imeshaahidiwa wiki iliyopita. Ami alisema ahsante, akafungasha. Kwenye matatu ya kurudi alinionesha kidaftari chake: safu ya hoteli, safu ya harusi, ya wanafunzi, ya kanda, ya shule. Safu ya hoteli ndiyo yenye alama nyingi za kuulizia. Inayomlipia kodi ni ya shule. Kenya ina mashindano makubwa ya muziki ya shule na vyuo, tangu mwaka 1927, na humo kuna madaraja ya nyimbo za kiasili zilizopangwa kwa kwaya. Walimu wanamletea wimbo wa kijijini kwao, yeye anaupanga kwa sauti nne, anaandika kwa solfa (do, re, mi) maana kwaya nyingi husoma hiyo, na analipwa nusu kabla. "Nusu kabla" amelipigia mstari mara mbili kwenye jalada la kidaftari.

Jumapili

Mvua tangu alfajiri. Nililala, nikafua, nikala biriani.

Jumatatu: Kwale

Kivuko tena, sasa asubuhi, ambapo umati unakuja mjini na wewe unakwenda kinyume, raha tupu. Matatu ya Likoni hadi Kwale 150, inaacha barabara ya pwani Kombani na kupanda vilima. Kanga ya yule mama ilikuwa bado imefunika ngoma, na abiria mmoja akalisoma jina la kanga kwa sauti, wote wakacheka. Sitaliandika.

Tulikwenda kwa kikundi cha sengenya, ngoma ya Wadigo na Waduruma, ambacho Ami anakirekodi kidogo kidogo. Kabla ya kutoa kifaa chochote tulikaa. Tulikuwa na sukari, majani ya chai na unga, na Ami alikuwa na karatasi ya Kiswahili aliyoisoma mbele ya wote: sauti itatumika wapi, haitauzwa bila wao, kila mpigaji jina lake litaandikwa, na nakala itabaki hapo. Mzee mmoja alitaka kifungu cha kuuza kisomwe tena. Kikasomwa. Mara ya tatu wakaongeza sharti lao, likaandikwa kwa kalamu. Saa mbili hazikurekodi chochote, na kama una haraka usiende.

Ngoma zilipangwa kuuzunguka moto wa makuti na makumbi ya nazi. Mwamba ngoma alizisogeza moja moja, anageuza, anapiga kwa ncha za vidole, anarudisha. Haangalii moto, anasikiliza tu. Chapuo langu nalo likapewa zamu bila mimi kuomba, na lilipotoka lilikuwa na sauti sijaisikia tangu nilinunue.

Nikaweka maikrofoni moja juu ya ngoma, nyingine mbele ya nzumari lakini pembeni, kwa sababu nzumari ikielekezewa moja kwa moja inakula kila kitu. Kiwango tulikiacha chini, vilele vya sauti visipite desibeli 12 chini ya ukomo wa kinasa. Pigo la chapuo linapanda kwa ghafla kuliko mita inavyoweza kuonesha, na kwa rekodi ya biti 24, inayonasa hata sauti ndogo sana, hupotezi kitu kwa kuacha nafasi. Kisha wakapiga. Siwezi kuandika walivyopiga. Naweza kuandika kwamba mpiga upatu alikuwa kijana wa shule mwenye sare, na kwamba katika muda wote ule yeye peke yake hakubadilisha kitu, na wote walimwegemea.

Wakati wa kusikiliza, Ami alinionesha kwenye laptopu. Mwanzo wa wimbo vumi lilikuwa karibu na Hz 80. Mwisho wake lilikuwa chini ya 75. Ngozi imepoa, imekunywa unyevu, imelegea, na wapigaji wameshuka nayo bila kuyumba. Maana yake kwa anayehariri: huwezi kukata kipande kizuri cha mwisho ukakibandika mwanzo. Sauti ya ngoma itaruka, na hata asiyejua muziki atahisi kuna kitu. Kwenye studio ningewaomba wapige vipande, nichague. Pale inabidi uchukue wimbo mzima ulivyo, au waupige mzima tena, na kabla ya kurudia moto uchochewe.

Tulilishwa mihogo ya nazi. Nilipotaka kulipia madafu muuzaji, shangazi wa yule kijana wa upatu, aliuliza kama huko Tanga wageni hulipa maji.

Jumanne: chumba cha nyuma

Umeme ulikatika mara kadhaa, betri ikasaidia. Ami alikuwa na kazi ya shule: wimbo wa kuchotea maji, upangwe kwa kwaya, na mwalimu ametaka pia rekodi ya kufanyia mazoezi. Mtu mwingine angefungua programu, akachagua kasi, akapanga ngoma za mashine, akaimba juu yake. Yeye alichukua kayamba akarekodi kayamba peke yake, wimbo mzima kichwani, kutoka mwanzo hadi mwisho, midomo inacheza. Juu ya kayamba akaweka sauti ya kati. Kasi ilikuwa inapanda kidogo kwenye kiitikio na kushuka baadaye, na mistari ya programu akaifanya ifuate. Nilimuuliza kama watoto hawatachanganyikiwa na kasi inayohama. "Watoto wanaocheza kamba kasi yao inahama. Wanaochanganyikiwa ni majaji."

Alinipa na mimi sauti ya nne niiandike. Akaikata nusu.

Tuliweka nakala za Kwale sehemu tatu: diski yake, diski yangu, na flashi ya kikundi iliyokwenda na dereva wa matatu tunayemjua, pamoja na faili ndogo za simu kwa wale wasio na kompyuta. Wanaorekodi unyevuni wachukue na hili: maikrofoni ikitoka chumba chenye kipoza hewa kwenda nje inatoka jasho. Iache ndani ya begi lake mpaka ipate joto, na pakiti za kukausha unyevu usizitupe unaponunua viatu.

Jumatano: kurudi

Basi la asubuhi, tairi zima safari hii. Mpakani orodha yangu yenye muhuri ilitolewa, ikatazamwa, ikarudishwa, sikufungua hata zipu. Ngoma ilisafiri bure, kondakta alidhani ni mzigo uliofungwa kanga.

Kwa atakayeuliza gharama: usafiri na chakula cha nje havikuniumiza, kilichokula fedha ni tuktuk za usiku na vitu vya kupeleka kwa wenyeji, na hivyo vya pili usivibanie. Nenda nje ya miezi ya mashindano ya shule ukitaka kumpata mtunzi yeyote wa Mombasa akiwa ametulia.

Juzi Ami amenitumia ujumbe. Kwaya imeupokea wimbo, wanataka na wa pili, na wameshatuma nusu. Hoteli nayo imelipa, mwishowe. Nusu.